"Usiione Hivi": Majigambo ya Wenye Magari wa Nabuyoga

Vitabu vya fasihi simulizi tunavyosomea vinakubaliana karibu neno kwa neno kuhusu majigambo. Ni utungo wa kujisifu. Fanani hujitungia mwenyewe, husema kwa nafsi ya kwanza, hujipa jina la sifa, hutia chuku bila haya, na hutaja matendo yake ya vitani, mawindoni au jandoni. Baada ya hapo huja kauli ninayotaka kuipinga katika insha hii: kwamba kipera hiki kinafifia, kwa kuwa vita vya mikuki vimekwisha na wanyama wa kuwindwa wamekwisha. Anayesema hivyo hajakaa Jumamosi moja chini ya mwembe wa gereji ya Nabuyoga.

Nabuyoga iko wilaya ya Tororo, katika Budama Magharibi, na mpaka wa Kenya hauko mbali nasi, uwe unaelekea Malaba au Busia. Magari ya watu binafsi si mengi. Wengi wetu ni abiria wa bodaboda, neno ambalo husemwa lilizaliwa Busia penyewe, kwa waendesha baiskeli waliovusha watu mpakani huku wakiita "boda, boda". Mwenye gari basi ni mtu wa kuhesabika kwa vidole. Lakini sizungumzii kila mwenye gari. Kuna anayelitumia na kuna anayelipenda. Anayelitumia hujaza mafuta akaenda zake. Anayelipenda hufungua boneti hata siku ambayo gari halina neno, akalitazama kama mtu atazamavyo ng'ombe wake zizini jioni. Huyu wa pili ndiye fanani wangu, na wenzake wanne watano walioketi juu ya magurudumu mabovu ndio hadhira.

Niseme mapema kwamba mimi si mhakiki asiye na upande. Fanani mkuu wa insha hii ni baba yangu mdogo. Ndiye anayenilipia karo, na muhula mmoja wa mwaka wangu wa kwanza karo hiyo ilichelewa wiki tatu kwa sababu ya giaboksi. Ninapoyasifu majigambo yake, bei yake naijua.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla ya mfululizo wa 100, ambayo Uganda nzima inaiita Kikumi, yaani mia moja kwa Kiganda. Aina hiyo ilianza kutengenezwa Japani mwaka 1991, kwa hiyo hata cha mwisho mwisho kimeshakula chumvi nyingi, na maradhi nitakayoyataja hapa ni ya uzee, si ya kiwanda. Baba mdogo huanza hivi, na mimi nimeyanakili kama alivyoyasema, pamoja na upatanisho wake wa kisarufi ambao mwalimu wangu angeutia wino mwekundu:

"Usiione hivi. Hii imechemka Mabira usiku, nikaipa maji ya mtaro, ikafika. Imekata mkanda wa feni Iganga, nikafunga mshipi wa gomesi ya mke wangu, ikafika. Pale Jinja, kabla ya daraja jipya, nimekaa juu ya bwawa nyuma ya trela saa mbili, klachi inanuka kama nyama, ikafika. Imeuzwa mara nne, mimi ni wa tano. Wale wanne wako wapi? Wanapanda boda."

Tukiyachukua kwa vigezo vya darasani, hakuna kinachokosekana. "Usiione hivi" ni fomula ya ufunguzi, na nimesikia hadhira ikiijibu "Tuione vipi?" kama vile watoto wanavyojibu "pakawa". Chuku ipo: fundi anakubali kwamba kitambaa kilichosokotwa vizuri kinaweza kuizungusha pampu ya maji kwa kitambo kidogo, lakini kutoka Iganga hadi Nabuyoga, hapana. Mandhari ni ya kweli. Daraja jipya la Jinja lilifunguliwa Oktoba 2018, na kabla yake malori na magari yote ya barabara hiyo yalivuka Nile juu ya bwawa la Nalubaale, kwa hiyo kila msikilizaji aliyewahi kwenda Kampala anaijua ile foleni na ile harufu. Halafu kuna kibwagizo, "ikafika", kinachobeba utungo mzima mabegani.

Lakini kuna jambo moja ambalo vitabu havikunitayarishia. Shujaa wa majigambo ya vitabuni hasemi alivyoanguka. Akisema, ni adui aliyemwangusha kwa hila. Hapa kila sifa inaanza na ubovu. Imechemka, imekata, inanuka. Ukiliondoa tatizo, sifa haina pa kusimama. Malalamiko ndiyo udongo, majigambo ndiyo chungu, na mtu ambaye gari lake halijawahi kumlaza njiani hana la kusema chini ya mwembe ule.

Nililiona hili wazi kwa kijana mmoja wa Busia, upande wa Kenya, aliyekuwa akija kwa shangazi yake na gari la chini lenye tabo. Alijisifu vilivyo. Nguvu za farasi, mwendo, bei, rangi, spika za nyuma. Hadhira ilimsikiliza kwa adabu na kumwagiza soda. Majigambo yake hayakuwa mabaya kwa sababu ya uongo, maana yote aliyosema yalikuwa kweli. Yalikuwa mabaya kwa sababu yangeweza kusemwa na mtu yeyote mwenye gari kama lile, Nairobi au Yokohama. Zilikuwa sifa za karatasi ya muuzaji. Miezi michache baadaye alisahau kutazama maji, gasketi ya silinda ikaungua karibu na Bumala, akalala ndani ya gari siku mbili akila mahindi ya kuchoma. Aliporudi Nabuyoga alianza: "Usiione hivi." Kila mtu alisogeza gurudumu lake karibu.

Swali la lugha siwezi kulipita. Nyumbani tunasema Dhopadhola, sokoni Kiganda huingia, shuleni ni Kiingereza. Kiswahili nchini Uganda kimebeba kwa miaka mingi jina la lugha ya kambi za jeshi na vizuizi vya barabarani. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, jambo ambalo halikukisaidia kupendwa. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa kikawa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Maamuzi hayo yote yalipofika Nabuyoga yalikuta Kiswahili kimeshakaa gerejini. Vipuri vingi vinavushwa kutoka Kenya, na mafundi wetu kadhaa walijifunzia kazi Bungoma na Kisumu, wakarudi na bisibisi pamoja na majina: plagi, bushi, beringi, gasketi, kuchemsha, kunoki. Wazee wasiojua kumsalimu mtu kwa Kiswahili wanajua kusema "shoki za nyuma zimekufa".

Nina sababu ya pili, na hii ni dhana yangu tu. Kujisifu kwa lugha ya nyumbani mbele ya watu waliokuona ukiwa uchi utotoni kuna aibu yake. Mtu atakukumbusha baba yako alikuwa nani na alidaiwa na nani. Kiswahili hakina mjomba Nabuyoga. Unaweza kujikweza ndani yake na kesho ukamwamkia mzee kwa Dhopadhola kama kawaida, na hakuna aliyevunjiwa heshima.

Fani inayonifurahisha kuliko zote ni tanakali za sauti. Darasani tulikariri mifano: chubwi, pu, tifu. Ilikuwa orodha ya mtihani. Gerejini tanakali ni kazi. Fundi haulizi gari lina nini, anauliza "Inalia vipi?", na mwenye gari analazimika kuigiza. Akifanya "ka-ka-ka-ka" huku akizungusha mikono kama anakata kona, fundi anakwenda moja kwa moja kwenye kiungo cha ekseli ya mbele. Akifanya "vuuuu" inayopanda kadiri mwendo unavyopanda, ni beringi ya gurudumu. "Swiii" ya asubuhi inayonyamaza injini ikipata joto ni mkanda. "Ko-ko-ko" nzito kutoka chini ya injini hunyamazisha watu wote, kwa sababu hiyo ni sauti ya pesa nyingi. Nimemwona mtu mzima, mweka hazina wa kanisa, akirudia "kle, kle-kle, kle" mara sita mpaka fundi akaridhika na mapigo. Kosa la pigo moja lingemgharimu kipuri kisichohusika. Sijui kama kuna fanani wa ngano anayedaiwa usahihi wa namna hiyo.

Mpaka nao umeugawa utungo huu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu litengenezwe. Uganda, tangu 2018, mwisho ni miaka kumi na mitano. Herufi za namba za Kenya zinasonga mbele kama kalenda, hivyo mwenye KD akipaki karibu na mwenye KB hana haja ya kufungua mdomo. Majigambo ya ng'ambo ile huegemea upya. Ya kwetu huegemea kudumu, na sheria ya 2018 imeyaongezea huzuni ambayo hayakuwa nayo: Kikumi hakiwezi kuingizwa tena. Vilivyopo barabarani ndivyo vilivyopo. Baba mdogo akiona kimoja kimegeuzwa banda la kuku hunyamaza mpaka tukipite.

Wazee wa pale chini hupenda kusema kwamba haya yote yalianza na Safari, na kihistoria hawako mbali na ukweli. Mashindano yale yalianza mwaka 1953 kwa jina la kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Watu wetu waliyaona kwa vumbi. Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544 akiwa na nduguye Jaswant, kisha tena 1974 na 1976, alipewa jina la Simba. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, alishinda mara tano: 1973, kisha miaka minne mfululizo kuanzia 1979. Mashujaa hao walipewa majina ya sifa na watu wengine, kama ilivyo katika sifo, na hapo ndipo ninapoona tofauti na majigambo yetu. Mshindi wa Safari alisifiwa kwa kuwatangulia wenzake. Baba mdogo anajisifu kwa kufika tu. Hakuna katika utungo wake gari lingine linaloshindwa.

Na kufika kwenyewe ni kufika wapi? Sehemu nzito ya majigambo haya haihusu Kampala. Kijijini, gari la mtu mmoja likishaingia usiku si lake tena. Mwanamke akishikwa na uchungu saa nane, mtoto akishikwa na degedege, mlango unaogongwa unajulikana. Ndiyo kero kubwa ya mwenye gari, na kila mmoja wao analalamika juu yake kwa maneno yaleyale: mafuta hayarudishwi, kiti kimelowa, shukrani ni kuku mmoja. Hapohapo ndipo sauti yake inaposhuka na kupata uzito. "Hii imezalisha watoto watatu," baba mdogo husema, "mmoja hapohapo kiti cha nyuma, anaitwa Corolla kwa utani mpaka leo. Ikafika." Mwindaji wa zamani alihesabu aliowaua. Huyu anahesabu aliowawahisha, na kwa kigezo changu hili ni badiliko la dhamira linalostahili sura nzima katika vitabu vyetu.

Ila kuna safari moja haimo. Nimesikiliza utungo huu mara nyingi, ukiwa mrefu na ukiwa mfupi, na sijawahi kuisikia. Fundi ndiye aliyenihadithia, wakati akiosha mikono kwa petroli, bila kuinua macho. Walikuja usiku na mtoto wa jirani, Kikumi kikagoma kuwaka. Betri. Walisukuma mpaka barabarani, wakasukuma tena. Majigambo hayana mahali pa kuweka usiku ule, kwa sababu sentensi yake haiwezi kuishia na kibwagizo. Mhakiki akisema kwamba utungo huu unageuza kila ubovu kuwa sifa, kama nilivyosema mimi hapo juu, aongeze kwamba kuna ubovu usiogeuka, na kwamba fanani anaujua mpaka huo na hauvuki. Siuiti udhaifu wa utungo. Lakini anayetaka kujua kumiliki gari Nabuyoga ni nini, akitegemea majigambo pekee, atatoka na nusu.

Nusu nyingine nimeikuta kwa mwanamke. Hadhira ya mwembe ni ya wanaume, na lugha yenyewe imejipanga hivyo: gari likiwa zuri ni mchumba, likiwa la gharama ni mke wa pili, na jirani zetu wa Tanzania gari kubwa la mheshimiwa waliliita shangingi, neno lililokuwa kwanza la kumsema mwanamke mjuzi wa anasa. Mama mdogo, ambaye mshipi wa gomesi yake umevuka wilaya kadhaa katika simulizi, nilipomwuliza kuhusu tukio la Iganga alijibu, "Mshipi ninaujua. Mwingine sijanunuliwa." Nimelitafakari jibu hilo kuliko makala kadhaa za nadharia.

Kuna mwalimu mmoja mwenye Starlet nyeupe, anayelipenda gari lake kama yeyote kati yao. Hulisafisha mwenyewe, ana maji ya betri nyumbani, na hupima hewa ya magurudumu kabla ya kwenda kanisani. Gerejini wanamwamkia "Mwalimu" kwa heshima, wanamletea kiti, na mazungumzo yanahamia kwenye hali ya hewa. Hawezi kusema "usiione hivi" na kujibiwa. Yeye ana daftari. Ni la kurasa tisini na sita, la mistari, lenye safu nne: tarehe, jambo, pesa, maelezo. Ameliandika kwa Kiswahili tangu alinunue gari, kwa sababu, anasema, majina ya vipuri yanakaa vizuri humo. Humo hamna chuku wala jina la sifa, na nafsi ya kwanza hutokea mara chache. "Brekipedi za mbele, 60,000. Za zamani zilikuwa na wiki mbili bado, nimeharakisha." "Nimeosha. Hakuna gharama. Mwendo mzuri, kimya." Hii ya pili naihesabu kuwa furaha kamili, na imeandikwa kwa maneno sita.

Usiku ule wa betri, waliposhindwa na Kikumi, walikwenda kugonga kwake. Mwalimu aliniruhusu kuunakili ukurasa huo kwa insha hii, kwa sharti kwamba nisimtaje mtoto. Mstari wa kwanza unasema: "Usiku, mtoto wa jirani, kuelekea Tororo. Mafuta 15,000. Gari limewaka mara moja." Katika safu ya maelezo: "Amefariki njiani. Tumegeuza. Nisidai." Chini yake, siku mbili baadaye, kuna mstari wa pili: "Betri mpya ya Kikumi, 280,000. Nimemkopesha." Malipo yameandikwa pembeni kwa kalamu tofauti, elfu hamsini mara tano, kisha thelathini, kila moja na tarehe yake. La mwisho ni la mwezi uleule ambao karo yangu ilichelewa.